Kabla Hujamcheka Aliyeuziwa Hewa

Wiki iliyopita nilirekodi video fupi nikimuuliza mamangu swali moja akiwa jikoni: ukipewa milioni moja saa hii, utafanya nini? Hakufikiria hata sekunde. Mikono iko ndani ya unga wa mahamri, akajibu, "Ploti." Basi. Video ikashika, na nyinyi mkaanza. Wengine mkasema wazazi wa Kenya wamerogwa na udongo, si aweke hiyo pesa kwa mfuko wa soko la fedha ale riba akiwa amelala. Wengine, na hawa ndio walionichoma, mkasema mtu anayeuziwa hewa miaka hii amejitakia, juu simu anayo, habari ziko kila mahali, angeuliza kabla ya kulipa.

Mamangu aliuziwa hewa. Na aliuliza kabla ya kulipa.

Sijawahi kueleza kwa nini niliacha chuo. Watu hudhani nilifeli, ama nilidanganyika na hizi pesa za mtandaoni, ambazo kwa taarifa yenu si nyingi hivyo. Nitafika hapo. Lakini stori ya ploti ya mamangu haianzi na mamangu. Inaanza zaidi ya miaka mia moja nyuma, na nimeisoma miezi mingi kwa sababu nilitaka kujua nimlaumu nani. Kwa hivyo leo ni historia, wasee. Tulieni. Nitajaribu isiwe kama ile ya darasani.

Nyanya yangu alikuwa na nyumba Kisauni. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, kuta za udongo na boriti, mabati yameshika kutu. Aliijenga na marehemu babu. Lakini kila mwisho wa mwezi alikuja mzee mmoja na daftari la jalada gumu, anakaa barazani, anapewa chai, anapewa pesa, anaandika. Nikiwa mtoto nilidhani ni jamaa yetu. Kumbe alikuwa anakusanya kodi ya ardhi. Nyumba ni ya nyanya, mchanga ni wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakuna mtaani aliyewahi kumwona kwa macho. Tulijua jina la ukoo tu.

Msee wa bara nikimwambia hivi anabaki mdomo wazi. Nyumba inawezaje kuwa yako na ardhi isiwe yako? Pwani inawezekana. Ukitembea Majengo, Likoni, Kisauni, utapita nyumba nyingi za namna hiyo, na zina jina lake kabisa: nyumba bila ardhi. Zamani hata mti ulikuwa hivyo. Shamba ni la huyu, minazi kumi ya upande wa kusini ni ya yule, na hakukuwa na ugomvi, mradi watu wanajuana na kila mmoja anajua babu ya mwenzake alipanda nini wapi.

Mradi watu wanajuana. Shika hilo neno, ndilo lililovunjwa.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza kuwa sehemu hii ni himaya yake. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa hivyo Waingereza wakaukodisha kwake, wanamlipa kila mwaka, wao wanatawala. Sasa walitaka ardhi ya mashamba makubwa, na mnunuzi wa kizungu akija Mombasa anauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: mwenyewe ni nani? Jibu la "tunajuana" halikumtosha. Ndipo mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Kila anayedai ardhi kwenye ukanda wa Pwani alete dai lake kwa msajili, athibitishe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu inakuwa ya Mfalme wa Uingereza.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Hawakusema ardhi isiyo na watu. Walisema isiyodaiwa.

Ni nani aliyekuwa na uwezo wa kudai? Waliokuwa mjini, waliojua kusoma, waliokuwa na hati za kadhi, waliojua mlango wa ofisi ni upi. Wamijikenda wengi walishika ardhi kama ukoo, si kama mtu mmoja, na karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika ukoo mzima. Halafu kuna watu ambao historia ya shuleni huwaruka kabisa: waliokuwa watumwa. Utumwa ulifutwa hapa mwaka 1907. Mwaka mmoja tu kabla! Mtu ametoka utumwani juzi, analima pale pale alipolima akiwa mtumwa, leo anaambiwa alete ushahidi wa umiliki. Alete nini? Alama za mgongoni?

Basi mashamba yakaandikwa majina ya wachache, mengine yakaenda kwa serikali, na waliokuwa wakiishi humo wakaamka asubuhi wakiwa maskwota bila kuhama hata hatua moja.

Watu hawakukaa kimya, msije mkadhani. Wagiriama waliambiwa wahame upande wa kaskazini wa mto Sabaki, na mnamjua mama aliyesimama: Mekatilili wa Menza. Alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa hadi Kisii, akatoroka, akarudi Pwani kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti. Leo tunamchora Mekatilili kwenye fulana. Sisemi ni vibaya, hata mimi ninayo moja. Nasema tu kwamba ugomvi wake na serikali ulihusu ardhi pia, na huo ugomvi haujaisha.

Bara nako hali ilikuwa ile ile kwa njia nyingine. Mwaka 1902 walowezi walipewa kukodi ardhi kwa miaka 99. Wakasema haitoshi, mwaka 1915 wakaongezewa ikawa 999. Miaka mia tisa tisini na tisa, jamani, kama mtu anayepanga kuishi na Yesu. Na mwaka 1921 kesi moja ya Wakikuyu wawili waliogombania shamba ilifika kwa Jaji Mkuu Barth, naye akaamua kwamba kwa mujibu wa sheria Mwafrika hana haki yoyote ya ardhi anayoikalia. Ni mpangaji wa Mfalme, na Mfalme akitaka anaweza kumtoa wakati wowote. Walienda kuuliza shamba ni la nani kati yao, wakarudi wameambiwa si la yeyote.

Sasa fikiria mtu aliyelelewa ndani ya nchi kama hiyo. Amejifunza nini? Kwamba kukaa haitoshi. Kulima haitoshi. Kuzika wazee wako pale haitoshi. Kilicho na nguvu ni karatasi. Ukisikia mzazi wako anasema "bora niwe na taito hata kama sijajenga", usidhani ni ushamba. Hayo ni masomo ya babu yake.

Halafu tukaanza kugawiwa karatasi sisi pia, na hapa ndipo kuna jambo lililonikosesha usingizi.

Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, afisa wa kilimo anayeitwa Swynnerton alitoa mpango: vijishamba vya Waafrika viunganishwe, vipimwe, kila mtu apewe hati. Kwa karatasi unasikika mpango mzuri. Lakini wakati wanapima Mlima Kenya na Kiambu, wanaume wengi wa huko walikuwa kizuizini ama msituni, na familia zao zimesukumwa kwenye vijiji vya kulindwa kwa bunduki. Aliyekuwa upande wa serikali alikuwepo siku ya kupima. Aliyekuwa kizuizini alitoka baadaye, akakuta mpaka umesogea.

Atashtaki? Mwaka 1963 ikapitishwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa. Kifungu cha 143 kilisema korti inaweza kurekebisha rejista ikigundua kulikuwa na ulaghai au makosa, isipokuwa kama ni usajili wa kwanza. Isipokuwa kama ni usajili wa kwanza! Yaani wewe ukitangulia kufika kwa msajili na shamba la ndugu yako, ukaandikwa jina, basi. Ulaghai ukijulikana baadaye, karatasi inabaki. Kuna majaji waliotafuta njia za kukizunguka hicho kifungu, lakini kilikaa kwenye vitabu hadi 2012. Mimi nilizaliwa kikiwa bado kinafanya kazi, na wengi wenu pia.

Pwani tulipata yetu ya ziada. Kabla ya uhuru, Oktoba 1963, Kenyatta kwa niaba ya Kenya alikubaliana na serikali ya Zanzibar kwamba ukanda wa maili kumi utakuwa sehemu ya Kenya, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitaendelea kutambuliwa. Hiyo ni pamoja na zile zilizotokana na sheria ya 1908. Bendera ikapanda, mzee wa daftari akaendelea kuja Kisauni kila mwisho wa mwezi.

Bara, mashamba ya walowezi yakaanza kuuzwa. Si kurudishwa, kuuzwa. Mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na familia kama 35,000 zikapewa makazi, lakini kwa deni. Mlowezi alilipwa akaenda zake. Mwananchi akabaki akilipa mkopo wa kununua ardhi iliyochukuliwa bure. Walioshindwa kuingia kwenye skimu wakachanga pesa, shilingi kwa shilingi, wakaunda kampuni za kununua mashamba: Ngwataniro kule Nakuru, Embakasi pale Nairobi, na nyingine nyingi. Ukilipa unapewa cheti cha hisa. Halafu unapiga kura ya kuchagua kipande chako. Halafu unangoja hati.

Unangoja sana. Hati ya shamba zima iko na wakurugenzi, wewe uko na risiti. Kuna walioungoja mgao hadi wakaachia watoto vyeti vya hisa kama urithi. Kipande kimoja kilipewa watu wawili, watatu. Miaka ya themanini Moi aliagiza hizo kampuni zivunjwe na wanachama wapewe ardhi yao, na bado kesi nyingine hazijaisha.

Mnaona nikielekea wapi? Kampuni ya ploti unayoiona leo ikirusha droni juu ya nyasi, kuna kijana mwenye shati jeupe na mziki wa Amapiano nyuma, haikuanza leo. Ni ule ule mtindo wa zamani. Wao wana hati mama, yaani hati moja ya shamba zima kabla halijakatwa, wewe unapewa risiti na ahadi. Tofauti ni mziki.

Haya. Sasa mamangu.

Nyanya alifariki 2016. Aliishi kwenye ile nyumba zaidi ya miaka arobaini. Mjomba akaenda kuomba ruhusa tumzike nyuma ya nyumba, pembeni ya mwembe alioupanda mwenyewe. Ardhi ilikuwa imeuzwa kwa mmiliki mpya, akakataa. Kisheria alikuwa na haki yake, kaburi linaharibu bei. Tukampeleka Kaloleni kwa mdogo wake. Nakumbuka mamangu kwenye gari, nyuma ya jeneza, hakulia. Alisema tu, "Mimi sitakufa nikimlipa mtu kodi ya mchanga."

Akaanza kuweka. Mahamri asubuhi, viazi karai jioni, chama kila Jumapili. Mwaka 2022 wanawake sita wa chama wakapata ploti upande wa Kilifi, hamsini kwa mia, shilingi 480,000 kila moja. Mamangu alikuwa na mia tatu na kitu. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo. Tulikaa mezani, tukapiga hesabu, tukakubaliana mimi niahirishe muhula mmoja, karo iingie kwenye ploti, akivuna mkopo wa chama ninarudi. Hakunilazimisha. Ni mimi niliyesema. Muhula mmoja tu.

Na mnisikilize vizuri hapa: aliuliza. Alienda na mwenyekiti wa chama kwa msajili wa ardhi, wakalipa shilingi 500, wakafanya sachi. Hati mama ilikuwa halali. Jina la muuzaji ndilo lile lile. Hakuna mkopo wa benki, hakuna zuio. Wakamlipia wakili asome mkataba. Tukaenda kuona shamba kwa matatu ya kukodi, soda na mkate tukapewa, tukaonyeshwa bikoni nne za saruji. Mamangu akavua ndara akatembea peku juu ya ploti yake, kona hadi kona. Nilimpiga picha. Bado ninayo, siwezi kuiweka hapa.

Kwa mbali kulikuwa na nyumba za makuti. Tukauliza. Tukaambiwa ni za walinzi na vibarua wa shamba.

Hati zetu zilikuwa zitoke baada ya siku 90. Zikawa mwaka. Mwishoni mwa 2023 tukaenda kuweka fensi, tukakuta bikoni zimeng'olewa na mahindi yamefika kiunoni. Akatoka mama mzee kwenye moja ya zile nyumba za makuti. Tulienda tukiwa na hasira, jamani, nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akatupa maji kwenye kata. Akasema, "Mimi nilizaliwa hapa. Na mamangu alizaliwa hapa. Nyinyi ni wa tatu kuuziwa."

Hawakuwa vibarua. Walikuwa maskwota wa kile kizazi cha 1908, na kesi yao ilikuwa kortini kabla chama hakijaisikia hiyo kampuni. Sheria ya Kenya inasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa na bila kutolewa, anaweza kwenda kortini kuidai. Hao wamekaa vizazi. Lakini hakuna aliyeandikisha kesi hiyo kwenye rejista, kwa hivyo sachi ikatoka safi. Mwenye hati mama alijua hatawahi kuwatoa, akaamua kuikata na kuwauzia watu ambao hawajui. Ofisi ya kampuni saa hii ni duka la vipuri vya tuktuk.

Tukirudi, mamangu alinyamaza mpaka daraja la Nyali. Halafu akasema, "Yule mama anafanana na nyanyako." Hicho ndicho kilichoniuma kuliko pesa. Angekuwa mwizi ningemchukia, nikapata pa kushika. Lakini tulitoka Kisauni tukikimbia karatasi ya mtu mwingine, tukanunua karatasi ya kumwondoa nyanya ya mtu mwingine.

Karo haikurudi. Muhula mmoja ukawa hivi mnavyoniona.

Najua kuna anayesema huo ulikuwa mkosi wetu tu. Sawa, angalia kilichotokea kwa watu wenye mawakili wa bei. Mwaka 2003 Kibaki aliunda tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyonyakuliwa. Ripoti ya 2004 ilikadiria kuwa hati kama 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Nyingi si za kughushi kule mtaani kwa mtu na printa. Ni hati zilizotoka serikalini, na mihuri yake, za msitu, za barabara, za viwanja vya shule. Karura ingekuwa maghorofa kama si Wangari Maathai kupigwa pale getini Januari 1999. Sasa hizo hati hazikukaa kabatini. Ziliuzwa. Aliyenunua akauza, na mwingine akauza, mpaka zikamfikia mtu asiye na hatia kabisa, mwenye mkopo wa sako.

Huyo mtu zamani sheria ilimlinda. Siku hizi si hivyo. Katiba ya 2010 inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 2012 sheria mpya ya usajili ikasema hati ni ushahidi, lakini inaweza kupingwa kama ilipatikana kwa njia isiyo halali. Halafu Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikamaliza kesi ya kiwanja kimoja cha ufuoni Nyali, hapa hapa kwetu. Kiwanja kilitengwa kama eneo la wazi la umma, mwaka 1989 akagawiwa Rais Moi, kikauzwa, kikaishia kwa kampuni ya Dina Management. Kaunti ya Mombasa ikaja ikavunja ukuta ikisema hapo ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ikasema sisi tulinunua kwa nia njema, hati tunayo. Mahakama ikajibu kwamba hati peke yake haitoshi. Kama mzizi wake umeoza, hati ya juu haina kitu, na nia njema haiwezi kuiponya.

Mimi nashangilia uamuzi huo. Ufuo ni wetu. Lakini uangalie tena ukiwa umevaa viatu vya mamangu. Kwa miaka hamsini sheria ilimlinda aliyetangulia kuiba. Saa hii imegeuka upande wa haki, na anayebeba hasara ni aliyenunua mwisho. Katikati hapo, aliyeiba aliuza zamani akajenga, akasomesha watoto Uingereza. Miezi sita baadaye, Oktoba 2023, tingatinga ziliingia Mavoko kwenye ardhi ambayo korti ilisema ni ya kampuni ya saruji ya Portland. Mliona zile video. Nyumba za mawe, za ghorofa, pazia bado ziko dirishani. Hao watu wote walikuwa wajinga? Wote hawakuuliza?

Sachi inakuonyesha ukurasa wa mwisho wa kitabu. Inakwambia leo jina ni la nani. Haikwambii alipataje, wala aliyemuuzia alipataje, wala kama miaka ya themanini hapo palikuwa uwanja wa shule. Tangu ule uamuzi, ukinunua ardhi Kenya unatakiwa usome kitabu chote: ramani ya zamani, barua ya kwanza ya kugawiwa, gazeti rasmi la serikali, faili za korti, idhini ya bodi ya ardhi kama ni shamba la kilimo. Na mabibi na mabwana wa hapo wanaishi wapi, na hizo nyumba za makuti kweli ni za nani. Kaa nao chini, kunywa maji yao. Nawaambia kwa uchungu, juu sisi tulikaa mita mia mbili kutoka kwa ukweli tukila mkate wa bure. Wanaosema mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa 2021 utamaliza mambo haya, natamani wawe sawa. Lakini kompyuta itasoma kile kilichoandikwa 1908, na kule ndani jina la nyanya ya mtu halimo.

Mtasema basi tuache ardhi, tuweke pesa kwa simu. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyofanya, vijipesa vyangu viko kwa mfuko. Lakini mfuko hauwezi kumzika mtu.

Mwezi uliopita mamangu alianza tena. Robo ekari upande wa Mariakani, muuzaji ni mwalimu mstaafu, anauza juu ya ugonjwa. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia sawa, lakini safari hii tunaenda mwanzo kabisa. Jumanne iliyopita tulikaa kwenye benchi kwa msajili kuanzia saa mbili asubuhi, yeye na chupa ya chai, mimi na daftari la jalada gumu nililonunua Marikiti. Nimeandika jina la mwalimu. Juu yake jina la aliyemuuzia, mwaka 1994. Juu ya hilo kuna nambari ya skimu. Juu ya hiyo bado ni wazi. Karani alisema faili ya zamani imetoka, iko ofisi nyingine, turudi.

Mamangu amenunua chupa kubwa zaidi. Kesho ni Jumanne.